Ziara ya masika: kopo, chupa na mteremko wa Kamachumu

Ziara nyingi za shule za msingi hupangwa kuanzia kwenye basi. Mwalimu anatafuta basi, kamati ya shule inagawa nauli kwa idadi ya watoto, tarehe inatangazwa, na mwishoni kabisa mtu anauliza: hivi watoto wanakwenda kujifunza nini? Kwa shule za Kamachumu, juu kule kwenye milima ya Muleba, ningeanza kupanga kwa kuangalia mvua.

Ulaya na Amerika shule hutoa watoto nje Aprili na Mei kwa sababu baridi imekwisha. Kwetu miezi hiyo ni ya masika, na walimu wengi husogeza ziara hadi Juni, barabara zikishakauka. Kwa safari ya gari wako sahihi. Kwa safari ya miguu wanaupoteza msimu wenye mengi ya kupima. Bukoba mjini hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili huongoza miezi yote. Ukilipa ziwa mgongo na kwenda magharibi, mvua inapungua haraka. Mtoto wa Kamachumu anaishi katikati ya somo la jiografia ambalo wenzake wengi wanalisoma kitabuni.

Saa ya kutoka ndiyo uamuzi wa kwanza wa kiufundi. Usiku upepo wa nchi kavu hushuka kutoka pande zote na kukutana juu ya Ziwa Victoria. Hewa yenye unyevu inapanda, mawingu ya radi yanajengeka, kisha upepo wa mashariki unayasukuma kwetu. Ndiyo maana ukanda huu hunyeshewa sana usiku wa manane na asubuhi. Msafara unaoondoka saa mbili asubuhi utaloa. Unaoondoka saa nne utakuta njia zinateleza, lakini maji bado yanatiririka mitaroni, na hayo ndiyo tunayoyafuata. Radi ikianza kusikika, watoto warudi ndani ya jengo, wasikimbilie chini ya miti.

Njia yenyewe haizidi mwendo wa nusu saa: kutoka shuleni, kupitia kibanja cha migomba na kahawa cha mzazi aliyekubali, hadi kwenye rweya, yaani uwanda wa nyasi nje ya vibanja, na kushuka mpaka chemchemi iliyo karibu. Vituo ni vitatu tu. Nimeona ratiba za ziara zenye vituo tisa, na mtoto anachokumbuka ni kuitwa apange mstari. Darasa la watoto 60 ligawanywe makundi kumi ya sita sita, kila kundi na kopo, chupa, rula na daftari moja. Anayeandika abadilishwe kila kituo, la sivyo yule mwenye hati nzuri ataandika siku nzima na wengine watatazama ndege.

Kopo ni la maziwa ya unga lililokatwa juu na chini. Linakandamizwa ardhini hadi sentimita tatu hivi, yanamiminwa maji nusu lita, na saa ya simu ya mwalimu inapima maji yanachukua muda gani kuzama. Ni kipimo rahisi, lakini kina mitego. Kopo likiingia mshazari, maji yanapenya pembeni. Likipigwa na jiwe, udongo unapasuka na jibu linakuja haraka kuliko ukweli. Likandamizwe kwa ubao, taratibu, na maji yamiminwe juu ya jani la mgomba ili yasichimbe shimo. Kila kundi lirudie angalau mara mbili, maana nusu lita ya kwanza hunywewa kwa pupa na ardhi isiyojaa.

Hapa mwalimu ajiandae kushangaa pamoja na watoto. Kila mmoja atabashiri kwamba kibanja kitakunywa maji haraka na rweya itayakataa. Inawezekana isiwe hivyo. Sehemu kubwa ya rweya yetu imelala juu ya miamba ya mchanga, na udongo wa kichanga hunywa haraka sana. Shida yake ni kwamba hauhifadhi. Mvua hii nyingi huosha rutuba na kuishusha chini, mizizi isikoifikia, na udongo unabaki na tindikali. Kwa hiyo kopo peke yake litawadanganya watoto, na kipimo cha pili ni cha lazima: chupa mbili za maji zilizokatwa vitako na kugeuzwa midomo chini, kila moja ikiwa imezibwa kwa kitambaa. Moja inajazwa udongo mkavu wa kibanja, nyingine wa rweya, kwa uzito uleule. Udongo huo ukusanywe wiki moja kabla na uanikwe ndani. Unamimina nusu lita katika kila moja na kupima kinachotoka chini. Kinachokosekana kimebaki kwenye udongo.

Watoto wakishaona tofauti hiyo, swali la maana linakuja lenyewe: kibanja kilipataje udongo ule, wakati kipo mlima mmoja na rweya? Jibu linatembea mbele yao. Ni mama anayepita na mzigo wa nyasi kichwani. Kwa vizazi vingi Wahaya wamekata nyasi za rweya na kuzitandaza chini ya migomba, wakaongeza samadi ya ng'ombe waliolishwa kwenye rweya hiyohiyo. Rutuba ya kibanja ni kazi ya mikono, na sehemu yake imehamishwa kutoka jirani. Mzee mwenye kibanja ahojiwe papo hapo, kwa Kihaya ikibidi, maana istilahi za kilimo cha migomba ni tajiri zaidi katika lugha hiyo. Maswali yawe matatu, yameandaliwa darasani siku moja kabla. La nne litazuka.

Somo la hesabu halihitaji safari. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 8 kwa 7 likipata milimita 20 linakusanya lita 1,120, kabla ya kutoa yanayomwagika. Watoto wapime paa lao, wasome kipimamvua walichotengeneza, kisha wahesabu ni ndoo ngapi zilipita mtaroni jana usiku huku wao wakiteka maji bondeni. Senene ningewaweka pia kwenye ratiba, lakini wingi wao huja Novemba, tena usiku, na hakuna kamati ya shule itakayopitisha ziara ya usiku.

Mei kahawa inapoanza kuiva, kituo cha ununuzi cha ushirika kinatosha kwa asubuhi moja nyingine: mizani, unyevu, tofauti kati ya kahawa ya maganda na iliyokobolewa. Watoto wa Darasa la Sita wanaweza hata kupigia hesabu hasara ya butura, yaani mkulima kuuza kahawa ikiwa bado mtini.

Faida nyingine ya miguu ni pesa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na elimumsingi bila malipo ikaanza Januari 2016. Nauli ya ziara, hata ikiitwa ya hiari, inaligawa darasa kati ya waliokwenda na waliobaki. Kwa hiyo safari ya basi iwe moja kwa mwaka, mwisho wa Juni, na wazazi waanze kuchanga mapema kidogo kidogo.

Ningewapeleka Katuruka, karibu na Maruku, Bukoba Vijijini. Wazee wa huko walisimulia habari za Mukama (mfalme) Rugomora Mahe na mnara wake wa chuma, na masimulizi hayo ndiyo yaliyomwongoza mwanaakiolojia Peter Schmidt mahali pa kuchimba, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Chini ya ardhi zilipatikana alama za uyeyushaji wa chuma za karibu miaka 2,500 iliyopita. Baadaye, katika miaka ya 1970, wazee wa Kihaya waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuru upya: shimo lenye majivu na mabua yaliyoungua ya nyasi za kinamasi, mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani kabisa ya tanuru, na mivukuto. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba hewa ilipata joto ndani ya mabomba hayo kabla ya kufika kwenye moto, na hivyo tanuru likawaka kwa joto kali zaidi.

Wataalamu wengine walipinga dai hilo la joto, na mwalimu asiwafiche watoto mabishano hayo. Darasa lililoona makundi kumi yakileta majibu kumi kutoka kwenye mteremko mmoja lina haki ya kuuliza joto lilipimwa wapi, kwa chombo gani, na mara ngapi.