Swichi ya zamani yabaki, mzigo wahama

Volkswagen Coccinelle za kabla ya katikati ya 1966 zilitoka kiwandani na umeme wa volti 6. Usiku wa mvua, kwenye barabara ya Lubumbashi yenye mashimo, volti 6 ni taa ya njano inayomulika bampa lako mwenyewe. Anayefufua gari la 1962 hana budi kupanda hadi 12. Ugumu ni kufanya hivyo bila mgeni kugundua.

Tuanze na hesabu. Taa mbili za wati 45 huvuta ampea 15 kwenye volti 6. Swichi na viungo vyenye kutu vikizuia kwa omu 0.04 tu, volti 0.6 zinapotea njiani, sehemu ya kumi nzima. Na balbu ikinyimwa sehemu ya kumi ya volti, mwanga hupungua karibu theluthi. Kwenye volti 12 taa hizo huvuta ampea 7.5, na njia ile ile hula asilimia 2.5. Kwa hiyo nyaya za asili, ngozi zake zikiwa nzima, zibaki. Zilifanywa nene kwa mzigo mkubwa kuliko huu, na katika mji uliozaliwa na shaba ni aibu kung'oa shaba nene ili kupachika nyembamba. Kinachostahili jasho ni masse, pale waya unapofungwa kwenye bodi: vumbi jekundu la kiangazi likikutana na mvua ya Novemba, kutu hujificha chini ya skrubu. Kwangua mpaka chuma king'ae.

Ukitaka halojeni zenye nguvu zaidi, usipitishe mzigo wake kwenye swichi ya dashibodi. Weka rilei nyuma ya dashibodi, na waya mpya wenye fyuzi yake kutoka kwenye betri. Swichi ya kale inabaki kutoa amri tu, karibu ampea 0.15, na kidole cha dereva hakihisi tofauti.

Nyuma, kwenye injini, wengi hukimbilia alternata. Mimi ningefunga dinamo ya Bosch ya volti 12, ampea 30: sura ni ya nyumbani, na ekseli yake ndiyo inayozungusha feni ya kupoza injini, kama zamani. Inachaji kidogo gari likisimama foleni. Ndivyo zilivyo dinamo. Stata ndiyo mtego. Flaiwili ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina 130, na meno hayo hayapatani na stata isiyo yake.

Kuna pia moduli ya elektroniki ya kuchukua nafasi ya platini, inayojificha chini ya kifuniko cha distribyuta, inayosalitiwa na waya mmoja wa ziada tu. Naikubali kwa sharti moja: platini na kondensa ya zamani vikae kwenye gari. Moduli ikifa njiani kwenda Likasi haipigwi msasa.

Betri yenyewe hukaa chini ya kiti cha nyuma. Betri mpya ikiwa ndefu kuliko ya kwanza, springi za kiti hugusa nguzo zake abiria mnene akiketi, na kiti huwaka moto. Kifuniko cha mpira juu ya nguzo hizo hakuna atakayekiona, na ndicho cha kufunga kabla ya kurudisha kiti.