Nyika Machoni pa Mtu wa Pwani

Mtu wa pwani akitamka "bara", aghalabu hukusudia zaidi ya upande wa nchi. Ndani ya neno hilo mna jua kali, mwendo mrefu, kiu, na watu asiowajua wala asiyejishughulisha kuwajua. Hukumu hiyo ni kongwe. Pa kuipimia ni kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen mwaka 1901 kwa juhudi za Mjerumani Carl Velten, ambamo wasafiri wa mwambao wamesimulia njia walizozikanyaga.

Sleman bin Mwenye Chande amesimulia safari ya bara Afrika. Nathari yake ni ya mfanyabiashara: vituo, bidhaa, hongo, hatari. Haina mapambo, na humo ndimo mna nguvu yake, kwani msomaji huusikia uzito wa mzigo pasipo kuelezwa. Lakini wenyeji huonekana kwa kadiri ya haja ya msafara tu. Neno "mshenzi", lililokuwa la kawaida katika lugha ya pwani ya siku hizo, hufunga mlango kabla mgeni hajabisha hodi.

Salim bin Abakari, Mngazija, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia. Huko mambo yakapinduka: mtazamaji akawa mtazamwa, na watu wakamshangaa yeye. Hapo ndipo masimulizi yake yanapopata upole ambao safari za bara hazinao. Aliyeonja kuwa ajabu machoni pa wengine huchelea kuwafanya wengine ajabu. Hata hivyo asisifiwe kupita kiasi. Alisafiri kwa amri ya mwingine, na kitabu kimepitia mkononi mwa Velten. Kilichonyamaziwa humo hakijulikani.

Kitabu hiki hubadilika kinaposomwa Mwembesongo, mtaa wa mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Kwa misafara, nchi hii ilikuwa njia tu: baada yake mbuga za Mkata, kisha Ugogo mkavu, kisha Mgunda Mkali, jina ambalo lenyewe ni kilio cha kiu. Kwa mkaazi wa Mwembesongo hapa si njiani, ni kwao. Naye anayo hoja ambayo wasimulizi wale hawakuijibu: Mto Ruvu huanzia Uluguru, na Dar es Salaam hunywa maji yake. Pwani iliyoiita bara nyika imekuwa ikikinga mikono kwa bara hiyohiyo.

Wapo wanaokisifu kitabu kwa kuwa ni ushahidi wa kale wa nathari ya Kiswahili. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Faida yake kubwa ni kumwonyesha mshairi wa leo mahali jicho la pwani lilipopofuka. Tangu 2024 treni ya umeme humfikisha abiria Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, na kioo cha dirisha chaweza kuifanya kazi ileile ya neno "mshenzi". Atakayeiandika nyika ipasavyo ni yule atakayeshuka, akasalimu, akauliza mto unaitwaje, na akakubali kutazamwa.