Tochi ya Kujiundia Kariakoo: Anza na Betri

Jamani, inawaka! Unabonyeza swichi, na ukuta wa mwisho wa uchochoro unaonekana mpaka misumari iliyoshika mabati. Hii ni tochi ya LED niliyoiunda kwa mikono yangu, vifaa vyote vimetoka Kariakoo, nimeimaliza sasa hivi na bado inanukia lehemu. Nimeshika tochi nyingi za dukani, lakini haijapata kutokea iliyonifurahisha namna hii. Nitawaeleza ilivyo, na nitawaeleza zaidi kuhusu betri, maana hapo ndipo tochi nzuri inapotengana na pambo la rafuni.

Kwanza umbo. Mwili ni bomba jeupe la plastiki la milimita 25, lile ambalo mafundi umeme hupitishia waya ukutani. Utadhani limetengenezwa kwa kazi hii! Betri ya 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ndivyo tarakimu zake zinavyosomeka, na inateleza ndani vizuri kabisa. Nyuma yake inakaa saketi ndogo ya kuchajia iitwayo TP4056, upana wake milimita 17 hivi. Mbele kuna LED ya wati 1 iliyobandikwa kwenye kipande cha alumini chenye umbo la nyota, milimita 20, na juu yake lenzi. Kila kitu kinaingia kwenye bomba moja bila kukereza chochote.

Kununua kwenyewe ni raha. Shuka kituo cha mwendokasi cha Gerezani, tembea kwa miguu, na utapata vyote kabla jua halijawa kali: bomba kwa wauza vifaa vya umeme wa majumbani, LED, lenzi, swichi na rezista kwa wauza spea za elektroniki, na betri kwa mafundi wa simu na kompyuta.

Sasa hesabu, na ni fupi kuliko watu wanavyoogopa. Betri ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2. LED nyeupe inahitaji kama volti 3.2. Tofauti ni volti 1, na lazima kitu kiizuie, la sivyo LED inavuta umeme mwingi hadi inaungua. Gawanya volti 1 kwa ampea 0.3 unazotaka zipite, unapata omu 3.3. Rezista ya kiasi hicho ipo sokoni: pete ya chungwa, chungwa, dhahabu, kisha dhahabu tena. Chukua ya wati 1 ili isipate moto. Umemaliza! Inashangaza kwamba mwanga huu mweupe hatukuwa nao hadi LED ya buluu ilipopatikana, kazi iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED nyeupe ni ile ya buluu iliyopakwa unga wa manjano. Itazame ikiwa imezimwa, utauona unga huo kwa macho.

Tuje kwenye betri.

Wengi tumekulia kwenye mawe. Mawe makubwa ya redio, yakiwemo ya National yaliyokuwa yakitengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, yalituvusha usiku mwingi, na bado yana heshima yake: yanauzwa kila kioski na hayahitaji chaja. Lakini jiwe la kawaida limefungwa kwa zinki, na zinki hiyo hiyo ndiyo inayoliwa kadiri linavyotumika. Ganda likitoboka, maji yake yanamwagika na kula vyuma vya tochi. Ukiamua kutumia mawe, chukua ya alkalini, na yatoe unapoihifadhi tochi.

Kwangu mshindi ni 18650, na hapa Kariakoo inataka macho. Utashikishwa betri inayong'aa na muuzaji atakwambia, "Bosi, hii ni elfu tisa mia tisa!" Maandishi yatakuwa pale pale: mAh 9900. Mrudishie kwa adabu. Betri bora kabisa za umbo hilo ziko kwenye mAh 3500 hivi, kwa hiyo anayekuandikia 9900 anakuuzia karatasi. Njia ya haraka ya kumjua ni mizani: 18650 ya kweli ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, na feki nyingi ni nyepesi mno. Hata mkono ukizoea unahisi.

Hazina yenyewe imo ndani ya betri za laptop zilizokufa. Nyingi za aina ya zamani, zile nene, zina seli sita za 18650, na mara nyingi ni moja au mbili tu zilizoharibika. Mwambie fundi akufungulie, na msihi asing'oe vile vibati vya nikeli vilivyochomelewa kwenye ncha. Hivyo ndivyo utakavyolehemia waya zako, kwa sababu kuchoma betri yenyewe kwa chuma cha moto ni hatari. Kisha pima kwa mita. Seli iliyoshuka chini ya volti 2.5 iache huko huko. Iliyo salama ichaji ijae, iache ikae siku kadhaa, upime tena: ikibaki juu ya volti 4.1, umepata mali. Ikipata moto wakati wa kuchaji, haifai kwa kazi yoyote.

Na TP4056, nunua ile yenye ulinzi. Utaitambua kwa alama nne za kuunganishia: B+ na B- za betri, OUT+ na OUT- za kwenda kwenye taa. Inachaji kwa chaja ya kawaida ya simu, taa nyekundu ikiwaka inachaji, ya buluu imejaa, na inakata umeme betri isije ikaisha kupita kiasi au waya zikigusana. Bila hiyo, tafadhali usiunde.

Kwa seli ya mAh 2600, kwa kuwa ampea nazo hushuka volti zikishuka, hesabu inatoa zaidi ya saa 10 za mwanga. Unapungua taratibu betri inavyoshuka, na hilo nalipenda, kwa kuwa huachwi gizani ghafla. Mipaka yake niiseme wazi: bomba la plastiki halitoi joto, kwa hiyo usipandishe umeme kupita ampea 0.3, na haizuii maji, mvua ya masika iiepuke.

Kwa anayetaka tochi ya kukaa ndani ya gari au dukani kwenye joto la Dar, ipo betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti, LiFePO4, zile nene za taa za sola. Ina volti 3.2, inastahimili joto na kuchajiwa mara nyingi zaidi. Ila inajaa kwenye volti 3.65, kwa hiyo TP4056 si chaja yake kabisa.

Hukumu yangu: iunde. Iunde na mwanao, iunde na kijana wa jirani anayependa kufungua redio. Tumia pesa kwenye betri kwanza, halafu kwenye saketi yenye ulinzi, LED iwe ya mwisho. Na betri iliyochoka usiitupe jalalani wala motoni; irudishe kwa fundi anayekusanya.