Msuli wa Begani Uliokuwa Ukisagwa

Hadi mwishoni mwa karne iliyopita, bega la ng'ombe huko Marekani lilikuwa halina hadhi. Nyama yake ilisagwa, au ilipikwa polepole kwa saa kadhaa mpaka ikubali. Steki za bei zilitoka mgongoni. Ndipo watafiti wa vyuo vikuu vya Nebraska na Florida, akina Chris Calkins na Dwain Johnson, wakafadhiliwa na wafugaji wa nchi hiyo wafanye kazi ya uvumilivu: kuchukua misuli 39 ya bega na paja, kuitenganisha mmoja mmoja badala ya kupitisha msumeno juu ya yote, na kuipima. Vipande vilivyopita mikononi mwao vilizidi 5,000.

Ulaini wa nyama hupimwa kwa kifaa kilichobuniwa takriban karne moja iliyopita na ambacho bado kinaitwa kwa majina ya wenyewe, Warner na Bratzler. Steki yenye unene wa sentimita mbili na nusu huchomwa hadi katikati ifike nyuzijoto 71. Ikishapoa, hutobolewa kwa bomba dogo lenye makali, na hutoka vijiti vya nyama vyenye kipenyo cha milimita 12.7, kila kimoja kikifuata uelekeo wa nyuzi za msuli. Kisha bapa butu lenye pengo la umbo la V hukikata kijiti kwa kukingama nyuzi, na mashine huandika nguvu iliyotumika. Nguvu ikiwa ndogo, nyama ni laini. Hapo ndipo ujuzi wa mashine unapoishia, maana haina ulimi. Ladha hutafutwa kwa watu waliofunzwa kuonja.

Msuli wa kwanza kwa ulaini unajulikana tangu zamani: sarara, ule msuli mrefu uliojificha chini ya uti wa mgongo, ambao ng'ombe hautumii sana hata akitembea kutwa. Wa pili ndio uliowashangaza watu. Ni msuli uliolala juu ya kombe la mkono, wataalamu huuita infraspinatus, na ulikuwa umepita mikononi mwa wachinjaji miaka yote bila kupewa heshima.

Sababu ilikuwa utando mnene mweupe unaopita katikati ya msuli kwa urefu wake wote. Ukiukata msuli huo vipande kwa upana, kama ilivyozoeleka, kila kipande kinapata mstari wa utando katikati, na mlaji anatafuna huku akiulaani. Wafaransa na Waingereza waliumaliza ubishi kwa sufuria: chemsha taratibu, utando uyeyuke na kuupa mchuzi uzito. Wamarekani waliumaliza kwa kisu. Waliulaza msuli, wakapitisha kisu sambamba na utando, juu yake na chini yake, kama anayempasua samaki kumtoa mwiba. Vikabaki vipande viwili bapa visivyo na kano, vyenye mafuta membamba yaliyotawanyika ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikaingia sokoni kwa jina la flat iron. Ng'ombe alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni njia ya kisu.

Kwa ladha, mpangilio unageuka. Sarara, pamoja na bei yake yote, ni nyama ya kimya. Mafuta yake ni machache, na ndiyo maana mahotelini huletwa ikiwa imeogeshwa mchuzi wa pilipili manga. Upande wa pili kuna kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo: nyuzi zake ni nene na ladha yake ni kali, lakini ukiukata kwa kufuata nyuzi badala ya kuzikingama utatafuna hadi jioni. Msuli wa kombe la mkono umekaa mahali pazuri kati ya hiyo miwili, na mimi nauweka juu ya sarara bila kusita. Wa kujihadhari nao ni ule msuli wa mviringo wa nyuma ya paja. Ukikatwa na kusafishwa vizuri unafanana na sarara kiasi cha kumdanganya mnunuzi, kumbe ni mkavu na mgumu.

Matokeo hayo hayahamii Dar es Salaam, kwenye mnada wa Pugu na machinjio ya Vingunguti, yakiwa mazima. Steki ya Marekani kwa kawaida hutoka kwa ng'ombe kijana aliyenoneshwa kwa nafaka, na nyama yake hukaa kwenye baridi siku kadhaa, mara nyingi wiki mbili, ili vimeng'enya viitwavyo kalpaini vilegeze nyuzi. Zebu wetu wana kiwango kikubwa zaidi cha kalpastatini, kizuizi cha kazi hiyo. Isitoshe, ng'ombe anachinjwa usiku, na ikifika mchana nyama iko jikoni, saa ambazo misuli imekakamaa kwa kifo na haijaanza kulegea. Papai bichi husaidia, ila likizidi muda nyama hugeuka uji.

Halafu kuna panga na gogo. Kwenye bucha nyingi bega hukatwakatwa pamoja na mfupa wake na kutupwa kwenye mchanganyiko, na msuli wa pili kwa ulaini unauzwa pamoja na shingo. Kwa mnunuzi anayejua, hiyo ni nafasi. Fika mapema kabla bega halijaguswa, mwombe muuzaji akutolee mnofu wa juu ya kombe ukiwa mzima, ulipe bei ya steki bila kunung'unika, na utando utoe mwenyewe nyumbani. Mnofu uache siku tatu kwenye friji yenye nyuzijoto 4 au chini ya hapo kabla ya kuuchoma.

Walaji wengi wa kwetu hawataki kuona wekundu ndani ya nyama, na hapo sarara hupoteza hata ule ulaini inaouzia jina, kwa kuwa haina mafuta ya kuikinga na moto. Nyama ya kombe huivishwa hadi ndani na bado ikabaki na maji yake.