Kasiba, Kamani na Tako

Gobore ni bunduki inayojazwa kwa mdomoni. Baruti hutangulia, risasi au marisaa hufuata, na mdeki, ufito wa kusukumia, huvishindilia mpaka vikae chini kabisa ndani ya kasiba, yaani mtutu. Aina ya zamani zaidi ni gumegume, inayowashwa na cheche za jiwe. Iliyofuata huwashwa na fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kikigongwa. Aina zote mbili zilipita Tabora kwa wingi katika karne ya 19, na iliyofika ikiwa mpya kweli ilikuwa nadra.

Chanzo cha wingi huo kilikuwa mabadiliko ya majeshi ya Ulaya. Jeshi la Uingereza lilianza kuacha gumegume karibu na mwaka 1840 likashika fataki. Mwaka 1853 likapata Enfield. Mwaka 1866 likaingia kwenye Snider, inayojazwa kwa nyuma. Kila hatua iliacha nyuma maghala yenye silaha nzima zilizokosa mwenyewe. Wachuuzi walizichukua kwa bei ya chee na kuzisafirisha kokote zilikotakiwa, na Zanzibar ilizitaka sana. Mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza visiwani humo, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 za kila namna zilikuwa zikivushwa kwenda bara kwa mwaka. Pamoja na hizo kuukuu zilikuja bunduki za biashara, zilizoundwa Liège na Birmingham kwa ajili ya Afrika hasa, kwa bei ndogo na kwa haraka.

Safari ya kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, ilikula miezi mitatu hivi. Henry Morton Stanley, aliyeharakisha kupita wengi, alitumia siku 84 mwaka 1871. Orodha ya silaha aliyoiandika yeye mwenyewe inafundisha: humo mna gumegume 24 za askari wa msafara, na mbili tu za bastola za silinda inayozunguka. Hesabu hiyo ndiyo sura ya njia nzima. Bunduki ya mtu wa kawaida ilikuwa ndefu, nzito, ya kujazwa kwa mdomo, na ilikuwa imepita mikono kadhaa kabla ya kufika Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia Novemba 1857.

Kutoka hapo iliendelea kupita mikono. Ilitolewa kama hongo kwa mtemi, ilibadilishwa kwa pembe za ndovu, ilirithiwa, ilitekwa. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, Stanley akiwa pamoja nao, walikwenda kumpiga Mtemi Mirambo wa Urambo. Waliteka boma la Wilyankuru, wakaanza kurudi wamelemewa na nyara, nao rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, walikuwa wakiwangoja kwenye nyasi. Bunduki zilizoanguka siku hiyo hazikuoza porini. Ziliingia Urambo, na huko zilihitaji kile kile ambacho kila silaha kuukuu inahitaji: jicho la kuikagua na mkono wa kuitengeneza.

Ukaguzi wa gobore kuukuu una utaratibu wake, na jambo la kwanza si uzuri wala bei. Mdeki hutumbukizwa ndani ya kasiba. Ukigonga chini na kutoa mlio mkavu wa chuma, kasiba ni tupu. Ukitua kimya, na sehemu inayobaki nje ikawa ndefu kuliko inavyopasa, humo ndani mna shindo la mtu mwingine, pengine la miaka mingi. Mnunuzi asiyejua jambo hili anaweza kuwa anajadiliana bei huku mdomo wa bunduki yenye risasi umemwelekea tumboni.

Kasiba ikishajulikana kuwa tupu, husikilizwa. Huning'inizwa kwa kamba na kugongwa kidogo kwa ufunguo au kijiti: nzima hulia kama kengele, yenye ufa hujibu kama chungu kilichopasuka. Kisha vidole hupita juu yake taratibu toka mwanzo hadi mwisho, vikitafuta uvimbe ambao jicho hukosa kuuona. Uvimbe ni kumbukumbu ya siku ambayo baruti ilizidi, au risasi ilikwama katikati, na kasiba iliyovimba mara moja haina msamaha wa mara ya pili. Adui mwingine ni kutu. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, hivyo bunduki iliyopigwa na kuachwa bila kuoshwa kwa maji ya moto na kupakwa mafuta huanza kuliwa kutoka ndani. Unyamwezi, nchi ya Tabora na Urambo, ina mvua kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Masika mawili ya uvivu yalitosha kuharibu kazi ya mfua chuma hodari wa Ulaya.

Karibu na kitako cha kasiba kuna mihuri, na mwenye subira huipata chini ya kutu. Mabunduki ya Liège yalipimwa katika nyumba maalumu ya majaribio kwa kupigwa na baruti nyingi kuliko kawaida. Iliyohimili ilipigwa chapa ya herufi ELG ndani ya duara refu kama yai. Birmingham ilikuwa na nyumba yake ya namna hiyo tangu mwaka 1813. Mwaka 1893 Liège iliongeza taji juu ya duara lile, kwa hiyo ELG isiyo na taji ni dalili nzuri kwamba kasiba ilipimwa kabla ya mwaka huo. Neno TOWER pamoja na taji kwenye bamba la mtambo linahitaji tahadhari zaidi. Asili yake ni ghala la silaha la Mnara wa London, lakini wafanyabiashara waligundua kwamba wateja wa Afrika wanaliamini, na bunduki za biashara nyingi zikapigwa chapa hiyo bila kuuona Mnara wenyewe hata kwa mbali. Chapa ya kughushi haikuanza na viatu na simu.

Mtambo ndio roho ya gobore, na kamani ndiyo roho ya mtambo. Ni bapa la chuma lililokunjwa, dogo kuliko kiganja, linalobeba nguvu yote ya pigo. Mkaguzi huvuta kigongeo nyuma polepole na kuhesabu milio miwili. Wa kwanza ni wa nusu, mahali pa usalama ambapo bunduki hubebwa. Wa pili ni wa kupigia. Milio ikiwa mikali na iliyoachana vizuri, meno ya ndani bado mazima. Ikiwa mizito na ya kuburura, yamelika, na bunduki ya namna hiyo huweza kufyatuka yenyewe ikiwa begani mwa mpagazi. Ajali za bunduki hazikuwa ngeni katika nchi hii. Daktari Ebenezer Southon wa Misheni ya London, aliyekaa Urambo kwa Mirambo, alikufa huko Julai 1882 baada ya kujeruhiwa mkono na risasi iliyopigwa kwa bahati mbaya.

Kwenye gumegume kuna jambo moja zaidi: kile kibao cha chuma kigumu kinachogongwa na jiwe. Uso wake ukilainika hautoi cheche, hata jiwe liwe jipya. Hata hivyo watu wa bara walibaki na gumegume muda mrefu baada ya Ulaya kuitupa, na walikuwa na akili. Fataki zilitoka pwani, katika vikopo, na zikiisha, bunduki inageuka rungu. Jiwe ni jiwe. Mwindaji aliyekuwa mbali na Zanzibar alipendelea ubovu anaoweza kuutengeneza kuliko uzuri unaotegemea msafara ujao.

Tako hukaguliwa mwisho, ingawa ndilo humvuta mnunuzi mgeni kwanza. Mti wa Ulaya ulipofika kwenye nchi ya mchwa uliteseka, na mahali pake dhaifu ni shingoni, pale unapopungua nyuma ya mtambo. Dawa ya shingo iliyopasuka ilikuwa ngozi mbichi: hushonwa ikiwa na maji, hukauka, hujikaza, na baada ya siku chache hushika kuliko msumari. Wengine walizungushia waya wa shaba, bidhaa ile ile iliyoingia bara kwa mapambo ya mikono na miguu. Tako lililokufa kabisa lilichongwa upya. Misitu ya miombo ya Tabora ina mninga, mti usionywea sana ukikauka na unaokubali patasi, na nchi hiyo hiyo ina nta ya nyuki kwa wingi; mbao na kinga yake hutoka pori moja. Gobore lenye kasiba ya Liège, bamba la TOWER la uongo na tako la mninga lililokolea nta ni kitu kizuri kuliko lilivyokuwa sandukuni. Wakusanyaji wa vitu vya kale huliita limechezewa. Wanakosea: sehemu iliyochongwa bara mara nyingi ndiyo iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Mkono huo wa fundi wa bara haukutoka hewani. Kazi ya chuma ilikuwako muda mrefu kabla ya bunduki. Majembe ya Usumbwa na Uzinza yalisafiri mbali, na katika masoko ya njia ya misafara yalikubaliwa kama fedha. Mhunzi alikuwa na mivukuto, fuawe ya jiwe, nyundo na koleo, na bunduki ilipoingia ikamtaka aongeze tupa na subira. Tofauti ya kazi hizo mbili ni kubwa. Jembe likipotoka upana wa kidole, shamba litalimwa. Kamani ikipotoka upana wa ukucha, haifanyi kazi. Ikitiwa maji ikiwa na moto mwingi inakatika, ikitiwa moto ukiwa hafifu inalala kama ukanda. Mhunzi hakuwa na kipimajoto. Alisoma rangi ya chuma kwenye kivuli cha banda, akajua sekunde ya kukizamisha. Hapo ndipo sifa yote ya ufundi huu inapokaa, na mtu akiinua mtambo wa zamani unaolia mara mbili bila kusita, anashika matokeo ya macho hayo.

Bastola ya silinda ilikuwa kitu cha watu wachache, na fundi wa bara hakuwa na la kuifanyia. Silinda lazima isimame sawasawa na kasiba kila inapozunguka. Ikilegea kidogo, risasi hukwaruza ukingoni na kutapika vipande vya risasi pembeni. Ndiyo maana anayekagua bastola kuukuu huvuta kigongeo taratibu, tundu moja baada ya jingine, na kuijaribu silinda kwa vidole kama inacheza. Katika misafara ilikuwa hasa chombo cha kutishia. Mwaka 1872 Stanley alimwelekezea bastola mpagazi aliyekuwa akivuka mto na sanduku la karatasi za Livingstone kichwani, na picha ya kisa hicho imechapishwa mara nyingi kana kwamba ni ushujaa. Mbali zaidi magharibi, huko Katanga, Msiri, mtu wa asili ya Usumbwa aliyejenga dola ya Wayeke kwa shaba, pembe na bunduki, alipigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, kwa bastola. Liège iliyotoa magobore ndiyo pia iliyotoa bastola za Nagant walizovaa maafisa wa Ubelgiji, na majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916.

Biashara yenyewe ilifungwa kwa hatua. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika ya kati, lakini uliacha mlango kwa gumegume na baruti ya kawaida. Yaani Mwafrika aliruhusiwa kilichoshindwa. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipozidiwa na Wajerumani wa Tom von Prince, alijilipua kwenye ghala lake la baruti. Januari 1895 Charles Stokes, mmisionari aliyegeuka mfanyabiashara wa pembe na bunduki na kuoa Unyamwezi, alinyongwa na Wabelgiji huko Kongo kwa kosa la kuuza silaha.

Leo gobore ni silaha kama silaha nyingine mbele ya Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na haliwekwi nyumbani bila leseni hata likiwa la babu. Anayelikuta darini asilivute kigongeo, asiliweke jikoni, asiguse mdeki. Awaite polisi walichukue, na awaombe waandike mihuri yake kabla halijayeyushwa. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki haraka; shindo lililoshindiliwa miaka mingi iliyopita bado linaweza kuwaka.