Pikipiki ya 1920, Rekodi ya 1967: Burt Munro Alivyoiunda Upya Indian Scout

Mwaka 1920 kiwanda cha Indian cha Springfield, Massachusetts, kilitoa pikipiki ya modeli ya Scout yenye namba ya injini 50R627. Ilikuwa ya cc 600, na ikikazwa sana ilifika kilomita 88 kwa saa. Mwezi Agosti 1967 pikipiki hiyohiyo ilipita kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, kwa wastani wa kilomita 296 kwa saa na kuweka rekodi katika daraja la cc 1000. Aliyeiendesha alikuwa na umri wa miaka 68. Aliyeifumua na kuiunda upya alikuwa yeye mwenyewe, Burt Munro, mkazi wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand. Hakuwa na kiwanda wala mfadhili mkubwa. Alikuwa na banda, tupa, moto na muda.

Wengi wanamfahamu Munro kwa filamu ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Roger Donaldson, ambamo Anthony Hopkins alicheza nafasi yake. Ni filamu nzuri, nami nimeipenda. Lakini filamu humweleza mtu, na hapa nataka tukieleze chuma. Kasi ile haikuja kwa moyo wa ushupavu peke yake. Ilikuja kwa sababu Munro alifuata utaratibu mmoja kwa miongo minne: kila alipoongeza nguvu, sehemu dhaifu kuliko zote ilijitokeza kwa kuvunjika, naye akaishughulikia hiyo kabla ya kugusa nyingine.

Tuanze na alichokuwa nacho. Scout ilibuniwa na Charles Franklin, mhandisi Mwairishi aliyefanya kazi Indian, na ilibuniwa kwa akili. Silinda zake mbili zimekaa kwa umbo la V la nyuzi 42. Giyaboksi imefungwa pamoja na injini, na nguvu ilipita kati yake kwa meno ya giya yanayozunguka ndani ya oili, wakati pikipiki nyingi za zama zile zilitumia cheni iliyo wazi. Ndiyo maana Scout zilisifika kwa kudumu. Udhaifu wake ulikuwa mahali pengine: valvu zilikaa ubavuni mwa silinda, zikitazama juu.

Mpangilio huo ni rahisi kutengeneza na rahisi kukarabati, ila unaibana injini pumzi. Mchanganyiko wa petroli na hewa hupanda kando ya silinda, hujikunja, kisha huingia juu ya pistoni. Moshi nao hutoka kwa kujikunja vilevile. Nafasi ya kuwakia inakuwa pana na bapa, hivyo mgandamizo hauwezi kupandishwa sana. Injini ikizungushwa taratibu haionyeshi tatizo lolote. Ukitaka izunguke kwa kasi, inaishiwa hewa kabla ya kuishiwa chuma.

Munro alianza kuigeuza pikipiki hiyo mwaka 1926, na badiliko lake kubwa kuliko yote lilikuwa kuzihamisha valvu na kuziweka juu ya silinda. Hapo hatuzungumzii kubadili kipuri. Unatakiwa kuunda vichwa vipya vya silinda, fito za kuzisukuma valvu kutoka chini, vibembea vya kuigeuza nguvu hiyo kule juu, na kemu zenye umbo jingine kabisa. Scout ya kiwandani ilikuwa na kemu mbili tu kwa valvu nne. Yeye aliunda mfumo wa kemu nne. Kwa fundi wa majaribio faida yake ni kubwa. Kemu ndiyo inayoamua valvu ifunguke lini, ipande kiasi gani na ifunge lini. Valvu mbili zikitegemea kemu moja, ukirekebisha ya kuingiza hewa umeigusa na ya kutoa moshi, na hutajua ni ipi iliyokuletea nafuu au hasara. Kila valvu ikiwa na kemu yake, unabadili kimoja, unapima, kisha unaendelea na cha pili.

Sasa hewa inaingia, na injini inataka kuzunguka kwa kasi zaidi. Hapo vyuma vya kiwandani vikaanza kushindwa.

Fikiria kazi ya konrodi, mkono unaoiunganisha pistoni na mhimili unaozunguka chini yake. Injini inayozunguka mara 5000 kwa dakika inaisimamisha pistoni na kuirudisha ilikotoka zaidi ya mara 160 kwa sekunde. Mzunguko ukiongezeka mara mbili, nguvu inayoivuta konrodi haiongezeki mara mbili bali mara nne. Konrodi iliyotosha kwa kilomita 88 haikuundwa kuhimili mateso hayo. Munro alichukua ekseli chakavu ya trekta la Caterpillar akachonga konrodi zake humo. Uchaguzi huo haukuwa wa kubahatisha. Ekseli ya trekta hutengenezwa kwa chuma imara kinachoweza kusokotwa kwa nguvu kubwa mara maelfu bila kukatika. Baada ya kuzichonga alizipasha moto na kuzizima ili ziwe ngumu, kisha akazipasha tena taratibu ili ugumu huo usizifanye zivunjike kama chupa. Hatua hiyo ya pili ndiyo mafundi wengi wa nyumbani huiruka, na ndiyo inayotenganisha kipuri na chuma chakavu.

Silinda alizitengeneza kwa mabomba ya zamani ya gesi yaliyofukuliwa ardhini. Yalikuwa ya chuma cha kusubu, ambacho ndani yake mna chembe za kaboni zinazoshika oili na kuzisaidia ringi kuteleza bila kukwangua. Pistoni alizisubu mwenyewe kwa aluminiamu, na kwa kazi zake za kusubu mara nyingi alitumia makopo ya zamani. Mafundi wanaosubu sufuria katika miji yetu wanaijua kazi hiyo: aluminiamu chakavu, moto, kalibu, na uvumilivu wa kusubiri ipoe. Tofauti iko kwenye adhabu ya kosa. Sufuria yenye kiputo cha hewa ndani ya chuma inaweza kupika wali miaka mingi. Pistoni yenye kiputo kilekile hupasuka ikiwa kwenye mwendo, vipande vyake hushuka na kuvunja kila kilicho chini.

Na zilipasuka kweli. Munro alivunja pistoni, silinda na konrodi kwa wingi, wala hakuvitupa. Alivipanga kwenye rafu bandani mwake, akaweka maandishi yanayosema kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa kasi. Watu huliona jambo hilo kama utani wa mzee. Kwa maoni yangu rafu ile ilikuwa kumbukumbu ya kitaalamu. Pistoni iliyotoboka katikati inasimulia joto lililozidi au mchanganyiko wenye petroli pungufu. Iliyochubuka pembeni inasimulia oili isiyofika au nafasi finyu kati yake na silinda. Konrodi iliyokatika ikiwa na mistari myembamba kwenye jeraha inasimulia ufa ulioanza zamani na kukua kidogo kidogo. Fundi anayetupa kipande kilichovunjika ameitupa taarifa aliyoigharimia.

Vifaa vyake vya kupimia vilikuwa duni. Inajulikana kwamba alitumia spoku ya zamani badala ya maikromita. Nisingemshauri mtu amwige katika hilo leo, wakati maikromita si kifaa cha kutafutwa ng'ambo. Bila kipimo sahihi fundi hulazimika kurudia kazi, na Munro alikuwa radhi kurudia. Mwanzoni alikuwa akiuza pikipiki mchana na kuifanya kazi yake usiku. Baadaye aliacha ajira na kuishi ndani ya gereji yenyewe.

Mfumo wa oili aliubuni upya, na ilibidi. Kwenye Scout ya 1920 oili ilisukumwa ndani ya injini, ikafanya kazi yake, ikaungua au kuvuja nje, isirudi. Kulikuwa pia na pampu ya mkono ya kuongezea mwendeshaji alipokaza mwendo. Klachi alitengeneza ya sahani 17, na nguvu akaipitisha kwa cheni ya mistari mitatu. Flaiwili pia ni kazi yake. Ukubwa wa injini ulipanda hatua kwa hatua hadi kufikia karibu cc 950, ongezeko la zaidi ya nusu ya ule wa mwanzo. Angalia kwamba ukubwa huo wa mwisho alifika nao Bonneville akiwa amekwisha kuimarisha konrodi na oili kwa miaka mingi. Vijana wengi wa bodaboda hufanya kinyume. Huanza kwa kuboa silinda ili pistoni kubwa ipite, na konrodi hubaki ileile.

Nakuja sasa kwenye tarakimu ambazo, nadhani, ndizo zenye fundisho kubwa kuliko zote. Mwaka 1940 Munro aliweka rekodi ya barabara ya New Zealand kwa kilomita 194 kwa saa. Mwaka 1957 aliweka rekodi ya ufukweni kwa kilomita 211. Miaka 17 ya kazi, nyongeza ya kilomita 17. Kisha mwaka 1962, katika safari yake ya rekodi Bonneville akiwa na injini ya daraja dogo kuliko ya 1967, alifika 288. Katika miaka mitano akaruka kilomita 77.

Ni nini kilichobadilika? Ni hewa. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda hukua kwa mchemraba wake. Ili pikipiki yenye umbo lilelile itoke kilomita 88 hadi 296, ingehitaji nguvu takribani mara 38. Hakuna tupa wala ekseli ya trekta ambayo ingeifikisha huko injini ya cc 950. Munro alilielewa hilo, akaacha kudai kila kitu kutoka kwenye injini na kuanza kuifunika pikipiki. Aligonga bati za aluminiamu kwa mkono mpaka zikapata umbo la ganda refu lililochongoka. Baadaye akalitengeneza ganda kwa faibaglasi. Mwendeshaji alilala mbele ndani yake, akatokeza kidogo tu juu. Upana wa uwanda wa chumvi nao ulimsaidia, maana ufukweni nafasi ya kuchochea mwendo ni fupi.

Kuna jambo lingine la Bonneville linalotuhusu moja kwa moja. Uwanda ule uko karibu mita 1300 juu ya usawa wa bahari, ilhali Invercargill iko chini, karibu na pwani. Juu kule hewa ni nyepesi: hailizuii ganda sana, lakini pia inaingiza oksijeni pungufu kwenye silinda. Kabureta iliyowekwa sawa pwani inazidisha petroli huko juu. Pikipiki iliyotoka Mombasa ikapandishwa hadi Limuru hukumbana na tatizo hilohilo, na dawa ni ileile ya kubadili jeti, kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta.

Ganda lilileta tatizo jipya pia. Umbo linalopenya hewa vizuri linaweza kuwa halitulii, kwa sababu upepo ukilisukuma mbele ya kitovu cha uzito, pua hugeuka na pikipiki huanza kuyumba. Mwaka 1967 iliyumba akiwa katikati ya mbio. Aliinuka ili mwili wake ushike upepo na kupunguza mwendo, upepo ukamng'oa miwani, akaishia kuilaza pikipiki kwenye chumvi. Alinusurika akiwa na michubuko. Hapo ndipo mahali ambapo simsifu. Matatizo ya injini aliyatatua kwa subira kubwa, lakini la kuyumba aliendelea kulibeba mwilini mwake.

Rekodi ya mwaka huo ilitangazwa kuwa maili 183.586 kwa saa. Ilikuwa hesabu yenye kosa. Mbio zake mbili, ya kwenda na ya kurudi, zilikuwa maili 184.710 na 183.463, na wastani wake ni 184.087, ndizo zile kilomita 296. Mwanawe ndiye aliyeligundua kosa hilo, na mwaka 2014 Chama cha Wanapikipiki cha Marekani kikasahihisha kumbukumbu zake. Munro mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1978.

Wewe mwenye pikipiki kuukuu uani, unayetaka kuibadilisha iwe ya kwako, usianze na rangi wala tangi, na usianze na pistoni kubwa. Fungua injini, pima silinda na konrodi, hakikisha oili inafika kila mahali, kisha kagua breki. Munro aliendesha kwenye uwanda mtupu uliosafishwa kwa ajili ya mbio. Wewe utaendesha palipo na watoto wanaovuka barabara, kwa hiyo breki zikamilike kabla nguvu ya injini haijaongezwa hata kidogo.