Shule Kongwe za Usukumani na Njia ya Bujora

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ndiyo nguzo ya ulinzi wa majengo ya kihistoria Tanzania Bara, hulitambua jengo kuwa kumbukumbu ya kulindwa moja kwa moja iwapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863, ilhali jengo la baada ya hapo hubaki nje ya ulinzi huo mpaka waziri mwenye dhamana alitangaze katika Gazeti la Serikali. Kwa pwani yenye magofu ya Kilwa na Kaole mpaka huo unaeleweka. Kwa Shinyanga na Geita, ambako madarasa ya awali yalijengwa na wamisheni na baadaye na serikali za watemi chini ya utawala wa Waingereza, maana yake ni kwamba umri peke yake hauliokoi jengo la shule hata moja, kwa kuwa hata kituo cha misheni cha Kolandoto, kilicho karibu na mji wa Shinyanga, kilianzishwa mwaka 1913, yaani nusu karne nzima baada ya mwaka uliowekwa na sheria.

Pengo hilo linaonekana zaidi sasa kwa sababu ujenzi wa shule umeongezeka kasi. Elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 ilijaza madarasa. Mwaka 2021 serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000 nchini. Na katika ukanda wa dhahabu, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliwataka wenye leseni za uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na serikali za mitaa juu ya utekelezaji wake. Fedha hizo ni za lazima na watoto wanazihitaji. Hata hivyo, darasa la tofali mbichi lililosimama katikati ya kiwanja cha shule huonekana kwa urahisi kuwa kizuizi cha msingi mpya, na kwa kuwa halimo katika orodha yoyote, kulibomoa hakuhitaji idhini ya mtu anayejua thamani yake.

Swali la kiufundi basi ni jinsi jamii inavyoweza kuhifadhi urithi pasipo kinga ya sheria, na kwa Wasukuma mfano ulio karibu zaidi si shule, bali ni kituo cha utamaduni cha Bujora, kilichoko Kisesa nje kidogo ya jiji la Mwanza. Kituo hicho kilianzia katika miaka ya 1950 kwa juhudi za Padri David Clement, mmisionari Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, na makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1968. Kazi yenyewe ilifuata mpangilio unaostahili kuangaliwa kwa makini. Mbali na kukusanya vifaa, iliundwa kamati ya utafiti, yaani baraza la wazee waliokutana kujadili mila, majina, miiko na matumizi ya vitu, hivyo kila kifaa kikawa na maelezo yaliyotoka kwa watu waliokitumia.

Majengo nayo yalibuniwa kwa namna ya kuyaeleza yaliyomo. Banda la kifalme lina umbo la kiti cha enzi cha mtemi, kwa hiyo mgeni anayelikaribia kutoka nje anaona kiti kikubwa cha kutawazia kabla hajaiona ngoma yoyote, na akiingia anazikuta ngoma za kitemi zilizokuwa alama ya mamlaka. Jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na ngoma ambazo hapo awali zilikuwa na ikulu, walinzi na siku za kupigwa zikabaki bila ofisi ya kuzitunza. Bujora ilizipa nyumba, na muhimu kuliko nyumba, ikazipa watu wa kuzieleza.

Ipo pia nyumba ya mhunzi, na hapa Geita inaingia moja kwa moja katika habari hii. Walongo, mafundi wa kuyeyusha na kufua chuma wa upande wa Geita na Buzinza, walikuwa chanzo kikubwa cha majembe yaliyotumika Usukumani kulimia na kulipia mahari, muda mrefu kabla ya dhahabu kulipatia eneo hilo jina ulimwenguni. Jembe hilohilo ndilo linalorushwa na kuzungushwa katika ngoma ya bugobogobo, iliyotokana na kazi ya kulima kwa pamoja. Anayetaka kueleza historia ya ukanda wa madini kwa mtoto wa Geita leo angefanya vyema kuanzia kwenye jembe la Mlongo.

Kinachoiweka Bujora hai, hata hivyo, ni Bulabo, sikukuu inayoanza na adhimisho la Ekaristi Takatifu, kwa kawaida mwezi Juni, ambapo vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana vikicheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Kila mwaka maelfu ya watu hupanda Bujora kwa sababu yao wenyewe, na majengo hutunzwa kwa kuwa yanahitajika. Upungufu mmoja lazima utajwe: kituo hicho kimeeleza utemi, uganga na ngoma kwa kina, lakini maisha ya darasani, ambayo ndiyo yaliyombadilisha Msukuma wa karne ya 20 kuliko jambo lingine lolote, hayakupewa nafasi inayolingana nayo. Shule kongwe ndiyo ingelijaza pengo hilo.

Kuihifadhi shule ya namna hiyo huanzia ardhini. Wasukuma huutofautisha udongo kwa majina: luseni ni udongo wa kichanga wa miteremko, na mbuga ni mfinyanzi mweusi wa mabondeni, ambao huvimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Ukuta uliojengwa juu ya luseni huweza kusimama miongo mingi. Ule wa mbuga hupata nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha, na nyufa hizo haziponi kwa kuzibwa, kwa kuwa chanzo chake ni mwendo wa ardhi iliyo chini ya msingi, na dawa yake ni mtaro unaoyapeleka maji ya mvua mbali na jengo. Kosa linalofanyika mara nyingi kwa nia njema ni kupiga lipu ya saruji juu ya tofali mbichi. Saruji hailiruhusu tofali kupumua, hivyo unyevu unaopanda kutoka chini hunaswa nyuma ya lipu, na baada ya masika kadhaa lipu hubanduka kwa vipande vikubwa ikiwa imeng'ang'ania udongo wa ukuta, kiasi kwamba jengo huwa jembamba kuliko lilivyokuwa kabla ya ukarabati. Lipu ya udongo au ya chokaa, inayorudiwa kila baada ya misimu michache, ni ya gharama ndogo na huharibika yenyewe badala ya kuuharibu ukuta.

Upenu, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, ni wa kuongezwa pale bati lilipokatwa fupi, na njia za mchwa zinazopanda ukutani kuelekea kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, ni za kukaguliwa kila mwezi. Kazi hizi hazihitaji mkandarasi wa mbali. Zinahitaji fundi wa kijiji, bajeti ndogo ya kudumu, na kipengele kimoja katika mpango wa uwajibikaji ambao halmashauri hukubaliana na mgodi kila mwaka.

Sambamba na ukuta, kamati ya wazee kwa mfano wa Bujora ingeanza na wale waliosoma humo: nani alikaa wapi, kengele ilikuwa rimu ya gurudumu la gari gani, adhabu ya kuzungumza Kisukuma ilikuwa ipi, wasichana walianza kuandikishwa lini. Rejista za zamani, pale ziliponusurika na mchwa, zingesomwa mbele yao kwa sauti, jina kwa jina. Msimu wa kufanya yote mawili ni mmoja, yaani kati ya Juni na Septemba, baada ya mavuno, wakati udongo umekauka vya kutosha kupokea lipu mpya na wakulima wana nafasi ya kukaa chini ya mti wa shule na kusimulia kabla mvua za vuli hazijawarudisha mashambani.